Seva ikikwama acheni kuuzia watu RAM! Someni kwanza kerneli (kiini cha Linux) inasema nini

Wakuu, hili limezidi sasa. Kila mwisho wa mwezi ni yale yale: mfumo wa sacco umeganda, wanachama wamejaa kaunta wanataka hela za karo, na fundi anayelipwa kutunza seva ana majibu mawili tu: "zima uwashe" au "ongezeni RAM". Si Kampala peke yake, Mbarara na Gulu ni hivyo hivyo. Mteja anatoa mamilioni ya shilingi, RAM inafungwa, na mwezi unaofuata seva inaganda kwa muda mrefu kuliko mwanzo.

Na lazima igande zaidi! Programu ikiandika faili, Linux haipeleki data diskini papo hapo. Inaiweka kwenye RAM, kisha kerneli yenyewe inaisukuma diskini nyuma ya pazia. Mipaka ni vm.dirty_background_ratio (hapo kerneli inaanza kusukuma), kwa kawaida 10, na vm.dirty_ratio (hapo inazuia programu zinazoandika), kwa kawaida 20. Hizo ni asilimia za kumbukumbu inayopatikana. Seva ya GB 32 ambayo GB 25 zinapatikana inaweza kulimbikiza GB 5 zisizofika diskini. Diski ya kuzunguka inayoandika MB 120 kwa sekunde itazimaliza kwa sekunde 40 na ushee, tena data ikiwa imepangana. Ikiwa imetawanyika, kama ilivyo ya hifadhidata, hesabu dakika. Sasa funga RAM ya GB 64: mlimbikizo unapita GB 11, diski ni ile ile. Umepanua tangi, bomba la kutolea hujaligusa.

Mchokozi mara nyingi ni bekapu ambayo mtu kaiweka kwenye cron (ratiba ya kazi za seva) saa sita mchana, watu wako kazini. Inajaza RAM hadi kikomo, hifadhidata inaita fsync (amri ya kulazimisha data ifike diskini) ili kuthibitisha muamala mmoja mdogo, na muamala huo unasubiri nyuma ya magigabaiti ya bekapu.

Kisha fundi anafungua top (amri ya kuonyesha michakato), anaona wastani wa mzigo 40, anatangaza prosesa imezidiwa. Usome mstari wa %Cpu basi! us na sy (prosesa ikifanya kazi) ziko chini, wa (ikisubiri diski) ndiyo imepanda. Linux tangu 1993 inahesabu kwenye wastani wa mzigo hata michakato iliyolala katika hali ya D ikisubiri diski. Kwa hiyo hata perf top haitakusaidia hapa, kwa sababu inapima kinachoendeshwa kwenye prosesa, na hawa wamelala.

Chukueni haya seva ikiwa bado imekwama, kwa root (akaunti ya msimamizi). Ukiiwasha upya, ushahidi umekwenda:

grep -E 'Dirty|Writeback' /proc/meminfo
ps -eo pid,stat,wchan:32,comm | awk '$2 ~ /^D/'
cat /proc/pressure/io
iostat -x 1 10
dmesg -T | grep 'blocked for more than'

Kwenye wchan (mahali mchakato ulipolala ndani ya kerneli) ukiona balance_dirty_pages, mchakato huo umezuiwa na kerneli kwa sababu kikomo kimefikiwa. Ukiona jbd2_log_wait_commit, unasubiri jarida la ext4 (mfumo wa faili) liandikwe. Kwenye iostat tazama w_await (muda wa kusubiri kuandika) na aqu-sz (urefu wa foleni). W_await ya mamia ya milisekunde inatosha kukuambia foleni iko diskini. Faili ya /proc/pressure/io ipo kuanzia kerneli 4.20. Kwenye baadhi ya mifumo mpaka uongeze psi=1 kwenye mstari wa kuwashia kerneli.

Dawa haina gharama:

sysctl -w vm.dirty_background_bytes=67108864
sysctl -w vm.dirty_bytes=268435456

Ni MB 64 na MB 256. Ziandikwe pia ndani ya /etc/sysctl.d/, la sivyo zinapotea seva ikiwashwa upya. Ukiweka bytes, ile ratio inasomeka 0, msishtuke. Bekapu nayo ihamishiwe usiku.

Kinachonikera kuliko vyote ni wale wanaoweka echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches kwenye cron kila dakika tano na kumlipisha mteja kwa "kusafisha RAM". Amri hiyo haigusi kurasa (vipande vya RAM) ambazo hazijaandikwa diskini! Inatupa zile safi, zile zilizokuwa zinaokoa usomaji, kwa hiyo diski iliyolemewa na kuandika sasa inabebeshwa na kusoma. Iondoeni leo.

Na msituletee ionice -c3 (amri ya kushusha daraja la mchakato kwenye foleni ya diski) kama suluhisho la bekapu. Maandishi yanayopitia RAM yanapelekwa diskini na nyuzi za kerneli, za kworker, siyo na bekapu yenyewe, hivyo daraja uliloipa bekapu halizifuati nyuzi hizo. Tumieni rsync --bwlimit=20000, au cgroup v2 (vikundi vya kerneli vya kugawia rasilimali) yenye io na memory zote mbili zimewashwa, kisha muweke io.max (kikomo cha kasi ya diski); mifumo ya faili ya ext4, xfs na btrfs inaiheshimu.

Kama seva yenu ni ya kukodi, angalieni pia st (muda wa prosesa uliochukuliwa na mashine za wengine) kwenye top. Ikiwa juu huku diski imetulia, mwenye mashine kawauzia prosesa moja wateja wengi, na hilo halitibiki kwa sysctl. Mdaini yeye, mkiwa na vmstat 1 ya saa nzima mkononi.