Laikeni za rangi: tukwangue au tuziache?

Wadau, ubishi huu hauishi kwa sisi tunaopaka nguo rangi za asili. Wengine wanasema laikeni, ule ukoko wa kijivu au wa njano unaoshika kwenye mawe na magome, ni vya bure, mwenye kisu akwangue. Wanatoa mfano wa Scotland, kule walichemsha laikeni na sufu vizazi na vizazi wakapata kahawia ya nguvu bila hata dawa ya kushikisha rangi, na mawe bado yapo.

Mawe yapo ndio, laikeni je? Kile ni kuvu na mwani wanaishi pamoja, na nyingi zinakua milimita chache tu kwa mwaka, zingine hata milimita moja hazifikishi. Afu kuchemsha kunakula mzigo, kilo ya sufu karibu kilo nzima ya laikeni, yani blanketi moja tu ushavua nguo mwamba mzima.

Na ile rangi ya zambarau inayotoka kwa baadhi ya laikeni ndo inanichosha kabisa, unaziloweka kwenye amonia (zamani walitumia mkojo uliochacha, harufu msiniulize), unatikisa kila siku hewa iingie, wiki zinakatika mpaka maji yaive wekundu mzito, unapaka, unafurahi, jua likiipiga inapauka. Mi naokota za kwenye matawi yaliyoanguka, basi.

—

Mkuu umeongeza chumvi. Njia ya amonia inatumia laikeni kidogo sana, usiichanganye na ya kuchemsha. Na kabla hujaloweka, dondoshea tone la klorini ya maji (ile ya kung'arishia nguo) kwenye kipande, kikigeuka chekundu zambarau imo, kisipogeuka achana nacho, hakuna haja ya kukwangua kwa kubahatisha. Moshi wa viwanda umeua laikeni kuliko visu vyetu vyote, na hizo rangi za maabara, tangu Mwingereza Perkin atengeneze zambarau ya maabara 1856, zinaishia mitoni, mbona huzipigii kelele?

—

Moshi sikatai, ndo maana wanasayansi wanapimia laikeni uchafu wa hewa. Ila kitu kimeshapigwa na moshi afu na wewe unakuja na kisu? Halafu zinafanana mno, tone la klorini litakwambia rangi imo, halikwambii kama umeshika aina adimu. Anayesema za kuokota hazitoshi aseme kwanza anapaka sufu kilo ngapi, maana kama anauza hapo tunaongea biashara, sio kujifunza.