Tuliokuwa Hong Kong wakati wa korona, tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Korona ilinikuta Hong Kong, watu milioni saba na nusu, maghorofa yamebanana hadi unasikia jirani akipiga chafya. Mliokuwepo tusimuliane serikali ya mji ule ilivyotubana na ilivyotusaidia.

Naanza. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Januari 2020, shule zikafungwa. Barakoa wenyeji walishavaa kabla hawajaambiwa. Amri ya kuzivaa kwenye mabasi na treni ilikuja Julai. Bibi mwenye nyumba wangu alinigongea akiwa na chupa ya maji, akapita moja kwa moja hadi bafuni, akaimimina kwenye tundu la sakafuni. Kikantoni changu na Kiingereza chake vyote sifuri, nikabaki namtazama tu. Kumbe SARS, ugonjwa wa mapafu wa virusi, mwaka 2003 iliua watu 299 pale mjini, na kwenye maghorofa ya Amoy Gardens waliambukizwa zaidi ya 300. Kona ya bomba inayoshika maji ikikauka, hewa ya mabomba ya jirani inapanda kwako na virusi vyake. Serikali ilihimiza kumwaga maji kila wiki. Bibi alimwaga kila asubuhi.

Mtu wa Masafa: Mimi nilirudi masomoni Januari 2021. Uwanja wa ndege unapewa kichupa, unakohoa mate ya kooni. Jamaa wa mbele yangu alikuwa anaunguruma kama pikipiki iliyogoma kuwaka. Kisha siku 21 hotelini, gharama juu yako. Dirisha halifunguki. Chakula kinawekwa kwenye kistuli nje ya mlango, unasubiri nyayo ziishe ndipo ufungue. Kufika siku ya 15 nilikuwa naliamkia birika la umeme: shikamoo. Usicheke, mkuu, halikuwahi kuitikia.

Fundi Bomba: Mnakumbuka Julai 2020 walipopiga marufuku kula migahawani kutwa nzima? Sisi wa saiti tulikula ngazini, wengine barabarani juani. Amri ilidumu siku mbili, wakaruhusu tena mchana. Wa ofisini aliyeiandika sidhani kama aliwahi kula wali amechuchumaa.

Dada wa Jordan: Nilikuwa ndani ya ule utepe wa polisi uliozingira mtaa wa Jordan, hapohapo Hong Kong. Januari 23, 2021, alfajiri, naamka nakuta polisi mtaa mzima, hakuna kutoka mpaka upimwe na majibu yatoke. Jengo letu kila nyumba imekatwa vyumba vinne vitano, jiko na choo vinatazamana. Sasa ukiniambia nijitenge, nijitenge na nani? Lakini niseme ukweli, kupima kulienda haraka, Jumatatu kabla ya alfajiri wakafungua. Kichekesho kilikuwa kwenye chakula: tuligawiwa makopo bila kifungulio. Majirani zangu Waislamu ndio walipata tabu zaidi, kopo lina picha ya nguruwe.

Mkwe wa Kule: Mnasifia sana. Hadi mwisho wa 2021 vifo vilikuwa 213 tu, mji ukajiona umeshinda. Lilipoingia wimbi la tano mwanzoni mwa 2022, ndani ya miezi michache wakafa zaidi ya 9,000, wengi wazee ambao hawakuchanjwa. Mipaka ililindwa kama mboni ya jicho, wazee wakaachwa waamue wenyewe, na sisi wana familia hatukuwasukuma. Baba mkwe alikuwa na miaka 84, aliogopa sindano kuliko ugonjwa, kila mwezi anasema "mwezi ujao". Februari ile tulimfikisha hospitali, ndani hapana nafasi, akalazwa nje kwenye kitanda cha magurudumu, chini ya turubai, baridi na mvua. Mke wangu alimvalisha soksi zake mbili juu ya zile alizokuwa nazo. Usiku wa pili wakamwingiza. Yeye alitoka mzima. Mzee wa kitanda cha pembeni, aliyekuwa akituazima mwavuli, alifunikwa shuka asubuhi.

Mtu wa Masafa: Pole sana, mkuu. Na shukrani kwa kuandika hilo la wazee, huwa tunaliruka.

Fundi Bomba: Dada wa Jordan, yale makopo mlifungua na nini?

Dada wa Jordan: Bisibisi ya jirani. Ilizunguka ghorofa nne, kila mtu anaifuta kwa spiriti kabla ya kumpa mwenzake.