Mkate wa kujaza kuku wa kuchoma unanilowa ndani, nisaidieni

dada_wa_chai
Habari zenu wapendwa. Mimi niko Jinja nauza chai asubuhi karibu na steji ya boda, wateja wamechoka mandazi na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) kila siku basi nikaanza kuoka mikate midogo nimeijaza kuku wa kuchoma. Kuku wa kifua namlaza usiku kucha kwenye mtindi, saumu, tangawizi, masala na ndimu mbili, asubuhi namchoma kwa sigiri namkatakata nachanganya na nyanya na kitunguu kibichi najaza naoka. Ladha wanaisifu sana lakini unga kwa ndani unabaki mbichi mbichi, na jana mitano ilipasuka mchuzi ukamwagikia trei yote. Kuku mwenyewe mkavu. Nakosea wapi jamani, mtaji ni mdogo.

mpishi_mbale
Pole sana dada, hiyo inarekebishika. Kuku akitoka motoni usimfunge hapo hapo, ule mvuke hauna pa kwenda unalowesha unga halafu unatafuta mshono unaupasua. Mwache apoe kabisa. Nyanya toa, weka kachumbari pembeni mteja ajiwekee mwenyewe, kitunguu kikaange mpaka maji yaishe. Na ukifunga angalia vidole, mafuta ya kuku yakigusa ukingo wa unga haushiki hata ubane vipi, mimi naacha ukingo mtupu upana wa kidole, napaka maji kidogo nabana halafu naugeuza mshono ukae chini kwenye trei.

mzee_wa_sigiri
Kifua achana nacho mwanangu, chukua paja utoe mfupa. Paja lina mafuta yake halikauki haraka. Hata nikipita Namawojjolo kwenye ile barabara ya Kampala kwenda Jinja, wakikimbilia dirisha la taxi na vijiti vya kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, mimi mkono wangu unaenda kwa paja tu. Ndimu nayo usilaze usiku kucha, inaila nyama juu inakuwa kama unga, iweke nusu saa kabla ya kuchoma. Kabla hujaweka motoni pangusa mtindi uliozidi la sivyo kuku anachemka badala ya kuungua ule weusi mzuri wa pembeni.

dada_wa_chai
Asante mzee wangu. Lakini friji sina, huwa namfunika tu mezani usiku.

mpishi_mbale
Hapana dada tafadhali, hapo utaumiza watu. Kuku mbichi asilale nje. Amka mapema umchanje na kisu, lisaa limoja kwenye viungo linatosha kabisa. Na ule mtindi uliobaki wa kuku mbichi usirudie kumpaka akishaiva, mwaga. Unga wako unakanda vipi?

dada_wa_chai
Kilo moja ya ngano, hamira pakiti moja, maji nakadiria kwa macho.

mpishi_mbale
Pima, mililita 600 hivi, anza na 550 uongeze kidogo kidogo. Kata madonge ya gramu 80, nyama gramu 50 isizidi, yaumuke tena nusu saa, oka nyuzi 200 dakika 20. Kama ni sufuria basi makaa mengi juu ya kifuniko, machache chini.

dada_wa_chai
Nimerudi. Leo nimeoka 24, umepasuka mmoja tu, huo niliubana na mkono wenye mafuta. Paja limekubali mzee. Saa tatu yote ilikuwa imeisha.