Viwavi kwenye sukuma na kabichi: nematodi, Bt au mwarobaini?

Mama wa Ruai
Wapendwa, nisaidieni kabla sijatoa pesa. Nina robo eka huku Ruai, Nairobi, ule udongo mweusi unaopasuka jua likiwaka. Nusu ni kabichi, nusu sukuma. Tangu nipandikize, kila asubuhi nakuta miche mingine imelala, shina limekatwa kabisa karibu na udongo. Iliyopona nayo majani yametobolewa, na nikiligusa jani, kiviwavi kidogo cha kijani kinajipindapinda, kinaanguka na kuning'inia kwa uzi. Dawa kali sitaki tena. Wateja wangu ni majirani, na watoto wao ndio wanaokula mboga hizi. Dukani nimeambiwa kuna nematodi, minyoo wadogo wanaotiwa kwenye maji na kunyunyizwa. Pia kuna Bt, dawa ya bakteria wanaoua viwavi, na mafuta ya mwarobaini. Nichukue ipi?

Dudu na Mimea, Kasarani
Mama, hapo una wadudu wawili. Anayekata shina ni sota. Usiku hula, mchana hujificha ardhini palepale karibu na mche aliouangusha. Fukua kwa kidole, utamkuta amejikunja kama herufi C. Huyo wa kijani anayening'inia ni nondo mgongo almasi, na maisha yake yote huyamalizia juu ya mmea: mayai kwenye jani, kiwavi kwenye jani, hata kifukofuko chake hukifuma hapohapo. Udongoni hashuki.

Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa ni mdudu analala wapi. Nematodi hawa wana urefu wa kama nusu milimita na hutembea ndani ya utando mwembamba wa maji. Wakimpata kiwavi huingia kwa mdomo, kwa njia ya haja au kwa matundu ya kupumulia, halafu huachilia bakteria waliowabeba tumboni. Bakteria hao ndio wanaoua, kwa siku moja hadi mbili. Ndani ya udongo wenye unyevu nematodi wanaweza kusubiri. Juu ya jani la kabichi jua na upepo huwakausha upesi.

Kwa sota ningechukua aina iitwayo Steinernema carpocapsae, ambayo huvizia karibu na uso wa udongo, mahali sota anapopita. Kwa nondo mgongo almasi ningechukua Bt.

Mzee wa Dagoretti
Nakubaliana naye. Mimi nematodi niliwatumia msimu wa mvua ndefu kwenye udongo mwekundu, kabichi tupu. Nilimwagilia kwanza, nikangoja jua lizame, nikatoa vichujio vyote kwenye pampu ya mgongoni kwa sababu minyoo hukwama humo. Nikawa natikisa pampu kila baada ya hatua chache, maana huzama chini na mstari wa mwisho ukapata wote. Mistari miwili niliiacha bila kitu nione tofauti. Hiyo miwili niliipandikiza upya karibu yote. Mingine nilipoteza mche mmoja mmoja.

Kijana wa Mwiki
Yangu yalikuwa tofauti, na nayaandika ili mwingine asipoteze pesa kama mimi. Nilinunua pakiti mjini saa sita mchana, nikazunguka nayo kwenye matatu mpaka jioni, kisha ikakaa kabatini siku tatu. Nilinyunyiza saa nane mchana, juu ya majani, jua kali. Viwavi waliendelea kula kama hakuna kilichotokea. Nilikata tamaa kabisa na nematodi.

Dudu na Mimea, Kasarani
Kijana wangu, uliponyunyiza huenda walikuwa wamekufa tayari. Hawa ni viumbe hai, na huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 4 hadi 8 hivi, kamwe si kwenye friza. Kabla ya kunyunyiza, chukua kijiko kimoja kwenye maji yasiyo baridi, subiri dakika kadhaa, utazame kwa kioo cha kukuzia. Walio hai hucheza au hujipinda ukitikisa maji. Wote wakiwa wamenyooka kama sindano na hata ukitikisa hawajipindi, rudisha pakiti dukani. Na kabla ya kulipa, angalia tarehe ya mwisho na namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, PCPB.

Mama Magunia, Kangemi
Samahani, mimi nina hofu. Nyanya zangu kwenye magunia zilikufa, mizizi imejaa vinundu, nikaambiwa ni nematodi. Leo tunanunua nematodi tuwamwage shambani kwa mikono yetu?

Dudu na Mimea, Kasarani
Hofu yako ina msingi, dada, jina ndilo linalochanganya. Wa vinundu ni minyoo fundo, Meloidogyne, wanaofyonza mizizi. Hawa wa viwavi hawana uwezo wa kula mmea, wanazaliana ndani ya mdudu tu. Nyungunyungu hawawagusi. Kuku, mbwa, mtoto, wote wako salama, kwa sababu minyoo hawa na bakteria wao hawastahimili joto la mwili wetu.

Mama wa Ruai
Asanteni. Na gharama? Robo eka yote?

Mzee wa Dagoretti
Hapana mama, usimwage shamba zima. Kipimo kinachotumika sana ni minyoo 250,000 hadi 500,000 kwa mita moja ya mraba. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000, kwa hiyo ungehitaji minyoo milioni 250 au zaidi, na bei yake itakuumiza. Sota hukata mche ukiwa mchanga. Weka kwenye kitalu, na siku ya kupandikiza mwagia mduara mdogo kuzunguka kila shina. Kitalu cha mita za mraba 10 kinataka milioni 2.5 hadi 5 tu. Kwa udongo wako mweusi, tandaza nyasi kavu baadaye ili usipasuke. Ukikauka na kupasuka, minyoo wamekwisha.

Shamba la Karen
Mwarobaini msiusahau, ila msiutarajie uue papo hapo. Kiwavi hupunguza kula na kushindwa kujivua ngozi, kwa hiyo utamwona bado yupo siku kadhaa. Mimi huuzungusha na Bt, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine. Ukitumia Bt peke yake mfululizo, nondo huyu huizoea. Huko Hawaii iliripotiwa mwaka 1990 kwamba ameizoea Bt shambani, wa kwanza kabisa kati ya wadudu.

Bt lazima iliwe. Lowesha chini ya jani pia, tia matone ya sabuni ya maji kwa sababu kabichi ina nta na maji huteleza, nyunyiza jioni viwavi wakiwa bado wadogo. Huacha kula ndani ya saa chache, kisha hufa. Ukiwaona bado hai kesho yake, usikimbilie kurudia.

Dudu na Mimea, Kasarani
Niongeze jambo ninalolipenda sana. Yuko nyigu mdogo, Diadegma semiclausum, anayetaga mayai ndani ya kiwavi wa nondo huyu. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, jirani zangu hapa Kasarani, walimleta kutoka Taiwan na kumwachilia mwaka 2002, kule vilima vya Taita kwanza. Kwenye mashamba ya kabichi ya nyanda za juu amefanya kazi kubwa. Dawa kali humuua yeye kwanza, na nondo hubaki bila adui. Nematodi walio udongoni na Bt humwachia nafasi. Mama, ukiona kifukofuko kigumu chenye umbo la pipa dogo pale ambapo ungetarajia kile cheupe cha wavu cha nondo, kiache.

Mama wa Ruai
Nimerudi baada ya wiki kadhaa. Nilipanda kitalu kipya, nikanunua pakiti ndogo ya nematodi, nikaibeba kwenye boksi lenye barafu. Nimepandikiza miche 400 na mpaka leo iliyokatwa ni 11. Bt nimenyunyiza mara mbili na mwarobaini mara moja. Majani ya ndani yanatoka mazima. Jana nimeona vifukofuko viwili vya umbo la pipa, sijavigusa. Nusu ya pakiti imebaki kwenye friji. Nikishaichanganya na maji inaweza kulala hadi kesho?

Mzee wa Dagoretti
Hapana, mama. Ikishaingia majini itumie jioni hiyohiyo. Changanya unachoweza kumaliza tu.