Python yakataa kufungua furushi la ZIP linaloanza kwa herufi PK: kasoro iko wapi?

Mtunza rekodi, Bukavu

Salamu ndugu zangu. Ninatunza rekodi za ushirika wa wakulima wa kahawa wenye vituo vya kuoshea huko Kalehe, Idjwi na Kabare. Kila mwisho wa mwezi makarani wa vituo hukusanya majedwali yao ya CSV, huyabana kuwa furushi moja la ZIP na kuliweka kwenye seva, nami hulipakua na kulisoma kwa programu ya Python inayotumia moduli ya zipfile. Furushi la mwezi huu limegoma. Programu inasimama kwenye mstari ule ule wa kufungua, kabla ya kusoma chochote, na kutoa ujumbe `zipfile.BadZipFile: File is not a zip file`.

Nimeangalia baiti za mwanzo, nikaona herufi PK kama katika mafurushi ya miezi iliyopita, na ukubwa wake ni megabaiti 212, kwa hiyo si faili tupu. Ningependa kuelewa kwa nini maktaba inalikana faili ambalo kwa macho ni la ZIP. Pia, kompyuta ya ofisi ina gigabaiti 4 tu za kumbukumbu, na jedwali la Kalehe likisomwa lote kwa mara moja mashine hukwama. Je, kuna njia ya kulisoma likiwa bado ndani ya furushi? Malipo ya wakulima yanategemea hesabu hizi, ndiyo maana sitaki kubahatisha.

Fundi wa Himbi, Goma

Ndugu yangu, herufi PK mwanzoni hazithibitishi kwamba furushi ni zima. Hizo ni herufi za jina la Phil Katz, ambaye muundo huu ulitoka mikononi mwake mwaka 1989, na pale mwanzoni zinatambulisha tu kichwa cha faili la kwanza lililomo ndani. Moduli ya zipfile haianzii hapo. Inakwenda moja kwa moja mwishoni kutafuta rekodi fupi ya baiti 22 inayofunga furushi. Isipoikuta mahali pake, inapekua takriban baiti 65,557 za mwisho, kwa kuwa rekodi hiyo inaruhusiwa kufuatwa na maelezo yenye urefu wa hadi baiti 65,535. Rekodi hiyo ndiyo inayosema orodha kuu ya yaliyomo iko wapi, na orodha kuu nayo inasema kila faili linaanzia kwenye baiti ipi. Muundo ulipangwa hivyo ili anayeandika furushi aweze kuongeza mafaili bila kupanga upya yale yaliyokwisha kuandikwa. Kwetu sisi ambao mtandao hukatika katikati ya kazi, mpangilio huo una gharama kubwa: upakuaji ukikatika hata karibu kabisa na mwisho, kinachopotea kwanza ni ile orodha, na maktaba haina budi kusema kwamba hilo si faili la ZIP.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa programu yako, muulize karani aliyelipakia lina baiti ngapi upande wake. Zikipishana, usianze upya. Endeleza upakuaji kwa `wget -c`, amri ya kupakua inayoendelea pale ilipoishia, ukiwa kwenye folda ile ile, nayo itaomba baiti zilizobaki tu, mradi seva inakubali maombi ya namna hiyo. Likishakamilika, ita `testzip()`, ambayo husoma kila faili hadi mwisho, hulinganisha alama yake ya CRC-32 (namba ya uhakiki inayokokotolewa kutoka kwenye baiti za faili) na ile iliyoandikwa katika orodha, na kukurudishia jina la faili la kwanza lenye kasoro, au `None` ikiwa yote ni salama. Ipo pia amri ya `zip -FF bovu.zip --out jipya.zip`, inayotafuta vichwa vya mafaili kimoja kimoja na kujenga orodha mpya, lakini mimi ningeiacha iwe kimbilio la mwisho kabisa, pale ambapo nakala ya awali imepotea. Faili lililokatwa katikati haliwezi kuponywa nayo, na jedwali la malipo lenye mistari pungufu ni hatari kuliko jedwali lisilofunguka.

Kuhusu kumbukumbu, usitumie `read()`, kwa sababu hiyo huleta jedwali zima kwa mkupuo. Mbinu ya `open()` ya furushi hukupa mkondo unaofumuliwa kidogo kidogo kadiri unavyosoma, na hakuna kinachoandikwa kwenye diski:

```
import csv, io, zipfile

with zipfile.ZipFile("kahawa.zip") as furushi:
    for faili in furushi.infolist():
        if not faili.filename.lower().endswith(".csv"):
            continue
        with furushi.open(faili) as mkondo:
            maandishi = io.TextIOWrapper(
                mkondo, encoding="cp1252", newline="")
            for mstari in csv.reader(maandishi, delimiter=";"):
                hesabu(mstari)
```

Hapo `hesabu` ni kazi yako mwenyewe ya kushughulikia kila mstari. Nimeweka nukta-mkato na cp1252, usimbaji wa herufi wa Windows, kwa kudhani kwamba makarani hutumia Excel ya Kifaransa kwenye Windows, ambayo kwa kawaida huhifadhi CSV hivyo na kuandika desimali kwa mkato. Kama sivyo, badilisha. Utakapofikia kilo na faranga, kumbuka kugeuza mkato kuwa nukta kabla ya kuita `float`.

Mtunza rekodi, Bukavu

Asante sana, kaka. Karani amejibu kwamba faili lake lina megabaiti 340, kwa hiyo langu lilikatika njiani. Nimeliendeleza kwa `wget -c`, limefunguka, na `testzip()` imerudisha `None`. Mkondo nao unafanya kazi, na mashine haikwami tena. Limebaki jambo moja. Majina ya majedwali kutoka kituo cha Idjwi yanatokea kama `re╠ücolte.csv` badala ya `récolte.csv`, na programu inaanguka ikikutana na faili liitwalo `__MACOSX/._re╠ücolte.csv`, ambalo ndani yake hamna jedwali lolote.

Mwalimu wa programu, Lubumbashi

Ndugu wa Bukavu, karani wa Idjwi anatumia kompyuta ya Mac. Majina yake yameandikwa kwa UTF-8, usimbaji wa herufi unaotumika sana leo, lakini biti ya 11 katika bendera za faili, ambayo kazi yake ni kutangaza UTF-8, haikuwashwa. Hapo zipfile hufuata kanuni ya zamani na kulisoma jina kwa cp437, jedwali la herufi la kompyuta za IBM. Ukiwa na Python 3.11 au mpya zaidi, ongeza `metadata_encoding="utf-8"` unapofungua furushi. Katika Python ya zamani, tumia `jina.encode("cp437").decode("utf-8")`, lakini kwa mafaili yale tu ambayo `flag_bits & 0x800` ni sifuri, yaani biti hiyo ya 11 haikuwashwa.

Hata baada ya hapo usilinganishe majina mara moja. Katika jina hilo é imeandikwa kwa vipande viwili, herufi e na alama ya lafudhi inayoifuata, kwa hiyo haitakuwa sawa na é unayoipiga kwenye kibodi yako ingawa kwenye skrini zinafanana kabisa. Lipitishe kwanza jina kwenye `unicodedata.normalize("NFC", jina)`, inayounganisha vipande hivyo kuwa herufi moja. Na unapofungua, endelea kumpa `open()` kitu kilichotoka kwenye `infolist()`, kama alivyofanya ndugu wa Goma. Ukilisahihisha jina kwa njia ile ya Python ya zamani kisha ukampa jina hilo, utapata `KeyError`, kwa kuwa furushi linalifahamu lile la awali tu. Yale ya `__MACOSX/` ni maelezo ya ziada ya Mac, yaruke yote.

Nina pendekezo kuhusu usafirishaji wenyewe. Ikiwa mtandao wenu hukatika mara kwa mara, fikirini kutumia tar.gz. Katika tar kila faili hutanguliwa na kichwa chake cha baiti 512 na hakuna orodha kuu mwishoni, kwa hiyo furushi lililokatika husomeka tangu mwanzo mpaka pale lilipokatikia, na hitilafu hujitokeza hapo. Hasara yake ni kwamba kulifikia faili la mwisho hulazimu kufumua yote yaliyotangulia, jambo ambalo kwa majedwali mnayoyasoma yote kila mwezi si mzigo. Mkichagua njia hiyo, msiite `extractall()` ya tarfile bila `filter="data"`. Furushi la tar linaweza kubeba majina yenye `../` yanayoandika nje ya folda uliyokusudia, na ulinzi huo umekuwa wa kawaida kuanzia Python 3.14 tu, katika matoleo ya kabla ya hapo ni lazima muutaje wenyewe.