Gari la jangwani halina hata pampu ya upepo, wakodishaji mnatutakia nini?

Wakuu, hii kero imezidi. Mkodishaji anabandika picha ya gari juu ya tuta la mchanga, anatoza hela ya "gari la jangwani", ukifungua buti unakuta jeki na spana ya magurudumu, basi. Geji ya kupimia upepo hakuna, pampu hakuna, beleshi hakuna. Ukiuliza, jibu ni moja: "Hii fowili bosi, inapita popote."

Fowili (gari linalosukumwa na matairi yote manne) isiyopunguzwa upepo inajichimbia kaburi kwa matairi manne badala ya mawili. Psi (kipimo cha upepo wa tairi) 36 ni za lami. Mchanga laini unataka 18 hivi, ukikwama kabisa shuka hadi 15. Upepo ukipungua, tairi linalala, linakanyaga eneo refu zaidi na uzito unatawanyika. Ukishusha mno halafu ukate kona kali, tairi linachomoka kwenye rimu. Ndiyo maana geji si pambo. Tena pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi, maana yakishapata moto yanasoma juu kwa psi 4 au zaidi.

Sasa mtu akitoka mchangani anajazia wapi? Anaingia lami na psi 18, anakanyaga mwendo wa 100, ubavu wa tairi unakunjika na kukunjuka mpaka unachemka, unapasuka. Hapo mkodishaji anazuia amana, eti dereva mzembe! Na msituletee vipampu vya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, vingi vinaunguza fyuzi tairi la pili halijajaa. Leteni ya kubana kwenye betri, ijaze injini ikiwa inaunguruma.

Jeki nayo, ukiiweka kwenye mchanga inazama yenyewe, gari liko palepale. Dawa yake ni kipande cha ubao, sentimita 30 kwa 30, unene wa 3. Ubao tu! Hata huo unawashinda?

Maji na mafuta siwalaumu, hayo ni ya msafiri: lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku na akiba juu yake, mafuta ongeza nusu ya hesabu ya lami.

Mnaokodi, kabla ya kusaini mwambieni aishushe spea (tairi la akiba) mbele yenu. Nyingi zinaning'inia uvunguni, mpini wa kuzishushia ulishapotea, na nati za kufuli hazina ufunguo. Akianza kujiumauma, msimpe hata senti.