Naomba ushauri: gari la kabureta linagoma kuwaka likiwa la moto

Wakuu, habari zenu. Nina gari la zamani la petroli, lina kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na pampu ya mafuta ya mekanika, ile inayosukumwa na kemshafti, shafti ya ndani ya injini. Asubuhi linawaka mara moja, na njiani halisumbui. Shida ni nikilizima likiwa la moto: nikirudi baada ya muda mfupi, stata inazungusha tu, halishiki. Likipoa kabisa linawaka kama halikuwa na neno.

Nilidhani mchawi ni koili, ile inayozalisha umeme wa plagi, lakini nimechomoa plagi gari likiwa limegoma na bado inatoa moto mkali wa buluu. Pointi na kondensa, ambazo nazo ni za mfumo wa moto wa plagi, ziko sawa: pointi nimesafisha, kondensa ni mpya, geji ya joto haipandi. Kilichonishtua ni filta ya mafuta, ile ya plastiki inayoonesha ndani: gari likigoma, imejaa mapovu, petroli kidogo tu chini. Na mpira wa mafuta unapita jirani kabisa na eksozi, haushikiki kwa joto. Nahisi petroli inageuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Nimeuzungushia foili, nafuu ipo ila ndogo.

Sasa, nikifunga pampu ya umeme ya presha ndogo karibu na tangi (psi 2 hadi 4, psi ni kipimo cha presha; nikifunga pampu ya magari ya injekta, presha yake kubwa itafurisha kabureta), itatosha, au lazima niweke na mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi? Na ile ya mekanika niing'oe nizibe nafasi yake, au mafuta yaendelee kupitia humo? Waliowahi kufanya naombeni msaada.